Kila Ugonjwa Una Jina Lake

Hotuba ya mkunga kwa madereva, wafanyabiashara na wakazi, katika yadi ya malori Malaba, upande wa Uganda

Mwenyekiti wetu wa baraza la kijiji (LC1), wazee wetu, mama zangu wa soko, madereva mliopanda kutoka Mombasa nanyi mnaoshuka kutoka Kampala, Kigali na Juba, tanboi, vijana wa boda, dada zangu wa mahoteli na nyumba za kulala wageni, hamjambo? Nawashukuru mliozima injini ili tusikizane. Najua foleni ya forodha haijasogea tangu saa nne, na mtu aliyelala siku tatu kwenye kebini ana haki ya kupumzika badala ya kumsikiliza mkunga. Lakini mmekaa. Mungu awabariki.

Nazungumza Kiswahili kwa sababu hapa Malaba ndiyo lugha inayotukutanisha. Mimi kwetu tunasema Dhopadhola, jirani yangu anasema Ateso, mwenye duka pale ni Msamia, na dereva anaweza kuwa Mkamba, Msomali au Mnyarwanda. Kuna sababu nyingine pia. Maneno ambayo siwezi kuyatamka kwa lugha ya mama yangu mbele ya mama mkwe, kwa Kiswahili yanatamkika. Leo nitayatamka.

Nimekuja na kitu kimoja mkononi. Mlio nyuma hamkioni, kwa hiyo nitakieleza. Ni kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la hesabu la mtoto wa shule, miraba yake bado inaonekana. Kimekunjwa pembe tatu, kama dukani wanavyofunga chumvi kidogo. Ndani mna kapsuli mbili, kidonge kikubwa cheupe, kidonge cha manjano, na nusu kidonge ambacho hata mimi, baada ya miaka 26 ya kazi, sikitambui. Hakuna jina la dawa wala jina la mgonjwa, na ugonjwa wenyewe haukutajwa popote. Kijana aliyeniletea alikinunua usiku kwa shilingi elfu tatu, akaambiwa, "Meza vyote mara moja, kesho uko sawa." Alivimeza vya kwanza, hakuwa sawa, akaambiwa anunue vingine. Hivi ndivyo hivyo vingine. Nilipomuuliza anaumwa nini, alitazama viatu vyake akasema, "Musawo" (ndivyo Waganda wanavyomwita daktari), "ni ile ya huku chini."

Ile ya huku chini. Maneno hayo ndiyo yaliyonileta hapa, maana huku chini hakuna ugonjwa mmoja. Kuna aina zaidi ya 30 za bakteria, virusi na vimelea vinavyoweza kupita kutoka mtu hadi mtu kwa kujamiiana. Kila aina ina tabia yake, dalili zake na dawa yake. Ukimeza dawa ya huyu kumtibu yule, yule anabaki anakula mwili wako nawe unajiona umepona.

Kabla sijaenda mbali, niseme neno kuhusu jina la jumla. Tunayaita magonjwa ya zinaa. Nimelitumia neno hilo miaka yote, na hata vitabuni limeandikwa hivyo, lakini siku hizi linanikwama kooni. Zinaa ni dhambi. Ukimwambia mtu ana ugonjwa wa zinaa umeshamhukumu. Mama aliyeolewa akiwa msichana, hajamjua mwanamume mwingine, akipata kisonono kwenye kitanda cha ndoa yake, zinaa yake iko wapi? Mtoto aliyezaliwa juzi, leo macho yamevimba yanatoa usaha, yeye amezini lini? Mimi naona afadhali tuseme magonjwa ya ngono. Ngono ni kitendo. Hukumu tumwachie Mwenyezi Mungu.

Katika hayo zaidi ya 30, manane ndiyo yanayoisumbua dunia. Manne yanapona kabisa ukipata dawa sahihi: kisonono, kaswende, klamidia na trikomona. Manne yanaletwa na virusi: ukimwi, homa ya ini B, malengelenge ya sehemu za siri, na kile kirusi kinachoitwa HPV ambacho ndicho mzizi wa saratani ya shingo ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila siku watu zaidi ya milioni moja wanapata mojawapo ya yale manne ya kwanza. Kila siku, ndugu zangu, na ni yale yanayopona.

Yule kijana wa kikaratasi alikuwa na kisonono, ambacho Waganda wanakiita enziku. Mwanamume kwa kawaida hakimfichi. Siku mbili hadi saba baada ya kulala na mwenye nacho, mkojo unachoma kama umepakwa pilipili, na usaha mzito unachafua nguo ya ndani. Kwa hiyo mwanamume anakimbia kutafuta dawa. Mwanamke je? Wanawake wengi hawaoni chochote. Hakuna maumivu, hakuna usaha, anauza nyanya zake, anapika, anabeba mtoto. Kumbe ndani kisonono kinapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi, kinaiwasha, inapona kwa kovu, na kovu linaziba njia. Miaka mitano baadaye anaitwa tasa, na mume aliyemletea ugonjwa anaoa mwingine. Nimewaona wanawake wa namna hiyo kwa idadi nisiyoweza kusema.

Kisonono ni mjanja kuliko wenzake wote. Miaka ya 1930 kilikuwa kinatibiwa kwa dawa za salfa, kikazizoea. Ikaja penisilini, ikakiua miaka mingi, nayo kikaishinda. Tetrasaiklini nayo ikaishiwa nguvu. Ile siprofloksasini, ambayo wengi bado mnaiulizia dukani kwa jina la sipro, vipimo vya maabara vilivyofanywa Kampala vimeonyesha kwamba karibu kila kisonono kilichopimwa hakiisikii tena. Tumebakiwa na sindano ya seftriaksoni, na katika nchi kadhaa zimeanza kuonekana aina ambazo hata sindano hiyo inashindwa nazo. Ndiyo maana kikaratasi hiki kinanikasirisha. Nusu dozi haiui kisonono. Inakifundisha kuishi.

Halafu kuna jambo la mwenzi. Kuna dereva mmoja, simtaji na hayupo hapa leo, tulimtibu kisonono mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Sindano sahihi, vidonge sahihi, kila mara alipona. Mara ya tatu nikamkalisha nikamuuliza, "Kaka, mwenzako ametibiwa?" Akanyamaza. Kisha akauliza, "Yupi?" Sikucheka, na naomba nanyi msicheke, maana swali lile lilikuwa la kweli na alihitaji kusaidiwa kulijibu. Tukahesabu pamoja: mke nyumbani, mama wa mtoto wake mdogo hapa Malaba, na rafiki mmoja njia ya Katuna. Nikamwandikia vikaratasi vitatu. Kikaratasi cha mwenzi hakiandikwi jina la ugonjwa. Kina alama tu, na mhudumu wa kituo akiiona anajua atoe dawa gani.

Akaniuliza, "Nitamwambia nini mke wangu?" Nilimwambia ukweli ndio mzuri, lakini ukweli wote ukiwa mzito kwenye simu, aanze na huu: "Nimekutwa na maambukizi, na musawo amesema tutibiwe sote wawili. Tafadhali nenda kituoni kesho." Alipiga simu mbele yangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza yangu, unatetemeka mpaka kalamu ikabingirika ikaanguka. Upande wa pili mama yule alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akasema, "Sawa. Kituo gani?" Alikwenda. Tangu siku ile yule kaka hajarudi kwangu na kisonono.

Klamidia ni ndugu wa kisonono, lakini mkimya zaidi. Mara nyingi wanatembea pamoja, ndiyo sababu ukija kituoni na usaha utapewa dawa za wote wawili. Ukipewa doksisaiklini, ni asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku ya tatu ukijisikia mzima bado hujamaliza. Trikomona ni kimelea kidogo sana, kinaleta uchafu wa kijani au manjano wenye povu na harufu, na muwasho. Metronidazo inakimaliza, na uache pombe unapoitumia.

Mama zangu, hapa nataka tuelewane. Si kila muwasho ni ugonjwa wa ngono. Fangasi za ukeni, zile mnazoziita kandida, zinaweza kumpata hata mtawa. Zinakuja ukimeza dawa nyingi za kuua bakteria, ukiwa mjamzito, ukiwa na kisukari. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo, mnayoita UTI, yana bakteria wake wengine kabisa. Lakini nimeona pia kinyume chake: mtu ana kisonono, kila mara anaambiwa "ni UTI tu" kwa kuwa neno hilo halina aibu, na anatibiwa UTI mwaka mzima. Na choo cha yadi, pamoja na uchafu wake ambao mwenyekiti ameahidi kuushughulikia, hakikupi kisonono wala kaswende. Wadudu hawa hawastahimili kukaa kwenye saruji. Wanapenda joto la mwili wa mtu.

Sasa kaswende, na hapa mtanivumilia, maana ndio ugonjwa unaonifuata usingizini.

Kaswende inaanza na kidonda kimoja, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa. Ni kidonda kigumu kidogo pembeni, safi, na hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani kabisa asikione. Baada ya wiki chache kinajifunga chenyewe, bila dawa, na mtu anamshukuru Mungu. Kumbe mdudu ameingia kwenye damu. Miezi michache baadaye unaweza kuona vipele, hata kwenye viganja na nyayo, mahali ambapo vipele vya kawaida havipendi kutoka. Navyo vinakwisha vyenyewe. Halafu kimya. Kinaweza kuwa kimya cha miaka kumi, ishirini, kisha kaswende inatokea kwenye moyo, kwenye ubongo, kwenye macho. Kila hatua inajifanya imepona, na hapo ndipo watu wengi wanadanganyika.

Mwaka mmoja, katika kituo ambacho sitakitaja, nilimpokea mama wa miaka 22, mimba ya miezi minane. Alisema mtoto hachezi tangu juzi. Alikuwa amehudhuria kliniki mara mbili na kadi yake alikuwa nayo, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe na mvua. Niliifungua. Mahali pa kipimo cha kaswende palikuwa patupu. Siku zile mbili vipimo vilikuwa vimekwisha, akaambiwa atapimwa mara ijayo. Tulimzalisha usiku. Mtoto alikuwa wa kiume, ngozi yake ikichubuka mikononi mwangu kama karatasi iliyolowa. Tulipompima mama, kipimo kikaonyesha kaswende. Mume alipokuja asubuhi, mtu mpole, amebeba chai kwenye chupa, nilimuuliza kama amewahi kuwa na kidonda. Akafikiri. Akasema, "Ndiyo, kabla ya harusi yetu. Lakini kilipona chenyewe."

Sindano ya benzathini penisilini inatibu kaswende ya mwanzo kwa mara moja tu. Iliyokaa muda mrefu inataka sindano tatu, moja kila wiki. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Na tofauti na kisonono, kaswende haijajifunza kuishinda penisilini hata leo, baada ya miaka zaidi ya 80. Inauma kwenye tako, sikatai. Lakini yule mtoto angekuwa hai.

Siku hizi tuna kipimo kinachopima VVU na kaswende pamoja kwa tone moja la damu ya kidole, majibu kabla chai haijapoa. Mama mjamzito, ukienda kliniki usitoke bila kipimo hicho. Ukiambiwa vimekwisha, uliza vitakuja lini, na urudi siku hiyo, au uende kituo kingine. Na baba, nenda naye. Kaswende ya mama ikitibiwa bila ya baba, inamngoja nyumbani.

Wazee mnaikumbuka kaswende kwa jina la kabotongo. Katika nchi hii ina historia ndefu, na historia hiyo ina fundisho kuhusu majina. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Waingereza, Kanali Lambkin, aliandika kwamba kaswende imewajaa watu wa Uganda, hasa Buganda. Ulaya wakashtuka. Watu wakapimwa, wanawake wakadhalilishwa, na maadili ya Waafrika yakasemwa vibaya sana. Hospitali ya Mulago yenyewe, ile kubwa tunayoijua, chimbuko lake mwaka 1913 lilikuwa mahali pa kutibu magonjwa haya. Kaswende ilikuwepo, ni kweli. Lakini madaktari waliokuja baadaye waliona kwamba wengi wa wagonjwa wale walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi unaowapata hata watoto kwa kugusana tu. Mdudu wa buba na wa kaswende ni ndugu wa karibu mno, hata kipimo cha damu hakiwatofautishi. Taifa zima likapewa jina la ugonjwa usio wake. Mnaona jinsi kuchanganya magonjwa kunavyoumiza? Nao walikuwa watu waliosoma.

Sasa yale ya virusi. Malengelenge ya sehemu za siri ni mengi mno kati yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2004 na 2005 ulikuta karibu watu wazima 44 kati ya kila 100 nchini Uganda wana kirusi chake mwilini, na wengi hawajui. Yakitoka ni vilengelenge vidogo vinavyopasuka na kuwa vidonda vinavyouma, tofauti na kidonda cha kaswende kisichouma. Vinapona, vinarudi, hasa ukichoka au ukiugua. Dawa ya asaikloviri inapunguza makali na muda, lakini haikitoi kirusi. Mtu mwenye malengelenge anakuwa rahisi zaidi kupata VVU, takriban mara tatu, kwa sababu ngozi yake imefunguka.

HPV ina aina nyingi. Nyingine zinaleta masundosundo yanayoota kama maua ya koliflawa. Hayapendezi, lakini hayaui. Zinazoua ni zile zisizoonekana, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo peke yake zinasababisha takriban saratani 70 kati ya kila 100 za shingo ya kizazi. Wengi tuliowahi kujamiiana tumekutana na HPV, na mwili mara nyingi unaifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Inapokataa kutoka ndipo inageuka saratani, polepole, miaka 15 au 20. Kwa mama mwenye VVU asiyetumia dawa inakwenda mbio zaidi. Saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wa Uganda kuliko nyingine zote. Na kuigundua mapema hakuhitaji mashine kubwa. Mhudumu anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, siki ya kawaida iliyopunguzwa makali, anasubiri dakika moja, mahali palipoharibika panageuka peupe. Panachomwa siku hiyo hiyo, unarudi nyumbani.

Na chanjo ipo. Tangu 2015 serikali inawachanja wasichana wa miaka 10 nchi nzima, bila malipo. Nimesikia, hapa hapa sokoni, kwamba chanjo hiyo inawafanya mabinti wasizae. Si kweli. Binti yangu wa kwanza alichanjwa nikimshika mkono. Nisingeweza kumwambia mama mwingine ampeleke wake kama wangu ningemficha.

Homa ya ini B watu wengi hawaihesabu kuwa ya ngono. Inapita kwa ngono, kwa damu, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Kirusi chake ni kigumu kuliko cha ukimwi, kinaweza kukaa siku saba kwenye wembe mkavu na bado kikaambukiza. Madereva mnaonyolewa barabarani, nendeni na wembe wenu. Kaskazini mwa nchi, West Nile, Acholi na Karamoja, ugonjwa umekuwa mwingi kuliko kwingine, ndiyo sababu chanjo ya watu wazima ilianzia huko 2015. Watoto wanachanjwa tangu 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, pima. Ukiwa huna, chanjwa mara tatu na umalize.

Ukimwi nitaupitia kwa kifupi, kwa sababu huo ndio tuliojifunza kuutaja. Wagonjwa wa kwanza walionekana Kasensero, kule Rakai, mwaka 1982. Watu wakauita siriimu kwa jinsi ulivyowakondesha. Tulizika mno. Lakini nchi hii haikukaa kimya. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mume wake, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, pamoja na wenzake. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama mbele ya Waganda akasema, mimi ninao, akazunguka kwenye mashule na makanisa akiwa anadhoofika, na akafariki mwaka huo huo mwezi wa Desemba. Nilikuwa msichana wa shule. Mwalimu wetu alilia darasani. Kama tuliweza kuutaja ugonjwa ambao siku hizo haukuwa na dawa, nashindwa kuelewa kwa nini leo tunanong'ona juu ya kisonono kinachopona kwa sindano.

Mambo matatu ya VVU ambayo watu bado hawanayo. Mwenye VVU anayemeza dawa vizuri mpaka virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hilo limethibitishwa. La pili, kondomu ikipasuka au mtu akibakwa, kuna dawa ya PEP ya kuzuia VVU visishike mwilini, ianze ndani ya saa 72, haraka iwezekanavyo, inamezwa siku 28. Usingoje gari livuke. La tatu, tohara. Utafiti uliofanyika Rakai na kwingine ulionyesha inapunguza hatari ya mwanamume kupata VVU kwa takriban asilimia 60. Lakini haizuii kisonono wala kaswende, na nimewatibu waliotahiriwa wengi waliodhani wamevaa chuma. Kondomu inakinga vizuri VVU, kisonono na klamidia. Kwa kaswende, malengelenge na HPV inasaidia lakini si kamili, maana kidonda kinaweza kuwa mahali isipofunika.

Nina deni moja la kulipa kabla sijaketi. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi zamani, alikuja binti wa shule, amevaa sketi ya sare na sweta ya kiraia kuificha beji. Mwenzangu akamuuliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Tabia hii umeianza lini?" Binti aligeuka akaondoka bila dawa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Sikumfuata. Nilijiambia nina wagonjwa wengine. Sijui aliishia wapi, pengine kwenye duka la vikaratasi kama hiki. Kwa hiyo wahudumu wenzangu mlio hapa, nawaomba, na mimi nikiwamo: mgonjwa akija, tufunge mlango kwanza. Maswali yaje baadaye, kwa sauti ya chini.

Na ninyi wengine, mkitukanwa kituoni, msiache matibabu. Ombeni kumwona mkuu wa kituo, au mje siku nyingine, au mniulize mimi.

Leo tuna meza mbili. Ile iliyo chini ya mwembe ni ya kipimo cha kidole, VVU na kaswende pamoja. Hema lile la bluu limefungwa pande zote, ni la mwenye dalili yoyote, anaingia mmoja mmoja, na kuna mlango wa nyuma unaotokea upande wa matrela ili usipite mbele ya watu. Sindano zipo, nimezihesabu mwenyewe asubuhi. Vikaratasi vya wenzi vipo, na ukitaka vitatu utapewa vitatu bila kuulizwa. Tutakaa mpaka saa tatu usiku kwa ajili ya magari yatakayofika jioni. Anayevuka sasa hivi, kituo cha afya upande wa pili wa mto wanafanya kazi kama sisi, mwonyeshe mhudumu kadi utakayopewa hapa. Mwenyekiti, naomba vijana wasogeze ile pikipiki, imeziba njia ya hemani.